Kondoo Wasiokufa Wala Kuzeeka

Kiti chake kilikuwa cha kwanza nyuma ya dereva, upande wa dirisha. Hakikuandikwa jina, lakini hata mtoto aliyejiunga na shule jana alijua pale hapakaliwi. Basi liliposimama mtaa wa Karama, mbele ya kafeteria ya Wamalabari, wale Wahindi wa Kerala, tulimkuta tayari ukingoni mwa barabara, mfuko wa makopo ya chakula mkononi, shati limepigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Alipanda, akaketi, akafunga mkanda, akauvuta mara mbili kuona kama umeshika. Kisha akanigeukia.

"Sista, jana tulifika wapi?"

"Jana mfalme alikuwa amefika mtoni, Sir."

"Mto gani?"

"Ganga."

"Vizuri. Tumwache anywe maji kidogo."

Alisubiri mpaka basi lishike barabara kubwa, halafu akaendelea.

Watoto walimwita Sir, walimu wenzake walimwita Sir, nami nikamwita hivyo kwa miaka yote niliyomjua. Kwa kuwa shule ilikuwa na masir wengi, sisi wa kwenye basi tulimtofautisha kwa somo lake: Sir wa Historia. Tuliongea Kiingereza cha Dubai, kile chenye Kihindi kidogo na Kiarabu kidogo, ambacho hakina mwenyewe na kwa hiyo hakuna anayekosolewa. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili, na naamini hatakasirika.

Mimi nilikuwa msaidizi wa basi. Kama hujaishi Dubai, nikueleze. Kila basi la shule lina dereva na mwanamke mmoja wa kuangalia watoto. Yeye ndiye anayewahesabu wakipanda na wakishuka, anafunga mikanda, anapangusa matapishi, na mwisho wa safari anatembea kutoka mbele hadi nyuma kuhakikisha hakuna aliyelala chini ya kiti. Wengi wetu tunatoka Kenya, Uganda na Ufilipino. Mimi ni wa Likoni, Mombasa. Shule ilikuwa ya Wahindi, na walimu wasio na magari walipanda pamoja na watoto. Sir hakuwa na gari na hakulitaka. Alisema mtu anayeendesha hawezi kufikiria wafalme, na dereva wetu, Mpathani mmoja wa Pakistani tuliyemwita Khan, alimjibu kwamba yeye anaendesha na anafikiria chakula tu, kwa hiyo huenda ni kweli.

Alichosimulia Sir kilikuwa kitu kimoja, historia ya Wachola. Usione haya kama jina hilo ni geni. Kwangu pia lilikuwa geni, na nilipomwambia hivyo alifurahi kama mtu aliyepewa chumba kitupu apange vitu vyake. Wachola walikuwa wafalme wa Watamil, watu wa kusini kabisa mwa India. Alama yao ilikuwa chui milia. Majirani zao Wapandya walikuwa na samaki, na Wachera walikuwa na upinde. "Kwa hiyo," alisema Sir, "ukiona muhuri wa chui aliyekaa na samaki mbele yake, huhitaji kusoma. Ushajua nani kampiga nani."

Walianza kama machifu wadogo kando ya mto Kaveri. Wakauteka mji wa Tanjavur, na kizazi baada ya kizazi wakawa wakubwa wa kusini yote. Mmoja wao alijenga hekalu la mawe refu kiasi kwamba msafiri aliliona kabla hajauona mji. Mwanawe alipeleka jeshi kaskazini mpaka Ganga, akaamuru maji ya mto ule yabebwe hadi kwao na kumwagwa katika ziwa alilochimba. Huyohuyo alituma merikebu kuvuka bahari mpaka nchi za Wamalay. Haya yote, kwenye kitabu cha darasa, yalikaa kurasa chache. Mkuu wa shule alimwambia azimalize kwa vipindi viwili. Sir aliitikia kwa adabu, akachukua wiki tatu, na kile ambacho wiki tatu hazikutosha akakileta kwenye basi.

Watu walimuuliza kwa nini anawapenda hivyo. Sir alikuwa Mkristo, msalaba mdogo wa fedha shingoni, na wafalme wale walijenga mahekalu ya Kihindu. Mwalimu mmoja kijana alimchokoza siku moja kwenye ngazi za basi.

"Sir, hekalu lile si lako, lakini unalisifu kuliko sisi."

"Nimelizunguka mara nyingi," Sir akasema. "Mawe hayajaniuliza nilibatizwa wapi."

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Aliwafundisha watoto kutunza ushahidi, lakini yeye hakuweka hata picha. Alisema picha zinamfanya mtu aache kukumbuka. Alikuwa mkali kwa aliyechelewa, na yeye mwenyewe hakuvaa saa. Na alijigamba kwa jeshi la majini la Wachola kama aliyelihudumia, wakati bahari alikuwa haiwezi hata kidogo. Tulipowapeleka watoto kuvuka Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji, kwa abra, zile boti za mbao zinazotoka Deira kwenda Bur Dubai, alishika mkono wangu tangu tulipoketi. Safari yenyewe ni fupi, unaanza kuzoea upepo na umeshafika. Katikati ya maji uso wake ukawa na rangi ya jivu.

Msichana mmoja wa darasa la saba akamwona. "Sir, merikebu ngapi zilikwenda kwa Wamalay?"

"Nyingi," Sir akasema, macho amefumba.

"Na wewe ungekuwa kwenye ipi?"

"Ningebaki Tanjavur, naandika habari zao."

Watoto walicheka mpaka mwendesha boti akawaambia khalas, watulie. Sir naye alicheka, macho yakiwa bado yamefumbwa.

Sasa nieleze mambo mawili aliyotufundisha, kwa sababu bila hayo huwezi kumwelewa mwishoni. Hayana ugumu.

La kwanza ni sifa. Wachola waliandika mambo yao kwenye kuta za mahekalu, yamechongwa kwenye jiwe. Lakini hakuna jambo lililoanza lenyewe. Kwanza zilikuja sifa za mfalme: aliyeteka nchi fulani, aliyemkimbiza fulani, aliyevuka mto fulani. Kila alipopigana vita vipya, sifa ziliongezwa mstari. Mfalme akianza kutawala sifa zake ni fupi. Akizeeka zinajaza ukuta. Ndipo, baada ya vita vyote hivyo, linakuja jambo lenyewe, na mara nyingi ni dogo kabisa. Mjane fulani ametoa taa. Kijiji fulani kimekubaliana kuhusu mfereji.

Khan hakulikubali hilo. "Sir, mimi nikitaka kumwambia mke wangu alete chumvi, nianze na vita?"

"Ukianza na vita italetwa haraka."

"Wallahi italetwa kichwani."

Sir alisema ndivyo wanahistoria wanavyojua umri wa jiwe lililovunjika: wanaangalia sifa zimefika wapi. "Mtu anaposahau tarehe," alisema, "anakumbuka alikuwa ameshinda nini." Halafu akatuonyesha. Akasimama kidogo, mkanda ukimvuta tumbo, akazitaja sifa za mfalme yule wa Ganga kwa Kitamil, polepole, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Hatukuelewa neno. Hata wale wa nyuma waliinua shingo kusikia.

La pili ni kondoo. Mtu aliyetaka taa iwake daima hekaluni hakutoa mafuta, kwa sababu mafuta yanakwisha. Alitoa kundi la kondoo. Mchungaji alikabidhiwa kundi lile, na kazi yake ilikuwa kupeleka samli hekaluni kila siku. Kondoo akifa, mchungaji anaweka aliyezaliwa mahali pake. Mchungaji akifa, mwanawe anachukua. Kundi halipungui. Kwenye mawe waliwaita kondoo wasiokufa wala kuzeeka, na mkataba ulikuwa wa muda wote ambao jua na mwezi vitakuwepo. Mara nyingine taa ilitolewa kwa sababu ya msiba. Sir alitusimulia habari za mwindaji aliyelenga mnyama akaua mtu; baraza la kijiji halikumuua, lilimwambia atoe kondoo wa taa kwa ajili ya yule aliyekufa.

Hili la kondoo niliposikia nililielewa kuliko yote. Wakati ule tulikaa Al Baraha, nyumba ya kampuni, vitanda vya juu na chini. Mwenzetu akimaliza mkataba akarudi kwao, kitanda chake hakikupoa. Wiki ileile aliingia mwingine, akatundika nguo kwenye msumari uleule. Niliishi chumba kile miaka mingi na idadi yetu haikubadilika, ingawa hakuna niliyeanza naye aliyebaki. Nilimwambia Sir.

Akafikiri mpaka taa nyekundu ya tatu. "Basi ninyi ndio kondoo," akasema.

"Ahsante, Sir."

"Ni sifa kubwa hiyo, sista. Kwenye mawe kondoo wametajwa kuliko mawaziri."

Mkewe sikumtaja mpaka sasa kwa sababu ndivyo Sir alivyokuja kuwa, mtu asiyemtaja. Lakini mwanzoni alimtaja kila siku. Mke wangu kasema mvua itanyesha. Mke wangu hapendi mfalme huyu, anasema alikuwa mchoyo. Hawakujaliwa watoto. Mama huyo, ambaye sote tulimwita Anti, nilimjua kwa sababu Sir alisahau makopo ya chakula angalau mara moja kwa wiki, na yeye aliyashusha mwenyewe kutoka ghorofa ya nne, amevaa gauni la nyumbani, nywele bado zina maji. Mwaka mmoja lifti ya jengo lao iliharibika, mwenye nyumba akawa anaahidi inshallah, inshallah. Anti aliweka kiti cha plastiki mbele ya ofisi yake akakaa, siku baada ya siku, akichambua mboga. Lifti ikatengenezwa. Alikuwa na vita na njiwa wa roshani yake pia, vita visivyokwisha. Na Sir alisema kule soko la samaki Deira wauzaji walimpa bei ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kuokoa muda, kwa kuwa aliwagombeza kwa Kitamil na hawakuwa na jibu.

Siku ya pili aliponiona, Anti aliniuliza nakula nini mchana. Nikamwambia mkate. Tangu siku hiyo mfuko wa Sir ulikuwa na makopo mawili, moja lake na moja langu. Wali wa maziwa mala na bizari, wali wa ndimu, siku nyingine samaki. Hakuniuliza tena, nami sikujua kushukuru kwa Kitamil, kwa hiyo nilirudisha kopo limeoshwa likang'aa.

Alifariki mwezi wa Ramadhani, ghafla, moyo. Tulipata habari kwa ujumbe wa simu. Ndugu zake walitaka mwili upelekwe kwao India. Sir akasema azikwe hapahapa, kwa sababu kule waliomjua wamekwisha, na hapa hata njiwa wanamjua. Alizikwa makaburi ya Wakristo, Jebel Ali.

Wiki iliyofuata tulimkuta Karama, mahali palepale. Shati halikupigwa pasi. Khan alizima redio. Watoto, ambao kwa kawaida wasingenyamaza hata kwa tetemeko, walinyamaza. Sir akapanda, akafunga mkanda, akauvuta mara mbili, akanigeukia.

"Sista, tulifika wapi?"

Nikamwambia tulipofika. Akaendelea.

Watu shuleni walisema Sir ana moyo mgumu. Mimi sikuona hivyo. Mama yangu alifariki Likoni mwaka mmoja kabla. Nilipigiwa simu nikiwa nahesabu watoto wanashuka. Nikakata, nikamaliza kuhesabu, nikatembea hadi nyuma kuangalia chini ya viti, nikarudi kuketi. Sikulia siku ile, na baadaye sikupata siku nyingine ya kulia. Mwili unaendelea kufanya unachojua. Kwa hiyo nilipomwona Sir akisimulia wafalme na mfuko wake una kopo moja la mkate, nilimjua vizuri. Nikaanza kuleta makopo mawili mimi. Wali wangu wa nazi alisema una utamu wa kupita kiasi. Alikula.

Kitu kimoja tu kiliisha. Maneno "mke wangu" hayakutoka tena kinywani mwake. Wala jina lake, wala Anti. Mwalimu akimpa pole, aliitikia kwa kichwa na kuuliza habari ya mitihani. Nilijua kwamba kila Jumamosi anakwenda Jebel Ali kwa metro na teksi, kwa sababu Khan alimpeleka mara ya kwanza. Aliweka pale taa ya plastiki yenye umbo la mshumaa, ile ya betri, ndani ya chupa ya kioo ili vumbi lisiingie. Khan alisema Sir aliiwasha, akasimama, akaangalia saa ya Khan, akasema twende.

Siku moja watoto walimtaka aumalize ukoo ule. Wachola walikwishaje? Walikuwa wamesubiri miaka. Sir akasema wajukuu wa wale wafalme walidhoofika, machifu wao wenyewe wakaacha kuwatii, na Wapandya, wale wa samaki, wakarudi na nguvu wakachoma moto mpaka Tanjavur.

"Na mfalme wa mwisho? Walimuua?"

"Haijulikani."

"Alikimbia?"

"Haijulikani. Jina lake linatajwa kwenye jiwe moja, halafu kwenye jiwe linalofuata halitajwi."

"Sasa huo ni mwisho gani, Sir?"

"Ndio uliopo," alisema, akageukia dirisha.

Msichana yule wa abra, ambaye sasa alikuwa mrefu kuliko mimi, akauliza, "Na zile taa?" Sir akamgeukia. Akasema taa zingine ziliendelea kuwaka hata mfalme asipokuwepo, kwa sababu mchungaji hakuwa akimpelekea mfalme samli. Alikuwa akiipelekea taa.

Mwaka uliofuata Sir alifika umri ambao shule haiongezi mkataba. Hapa nieleze tena, kwa wasioujua mji huu. Dubai mtu anakaa kwa sababu ya kazi, au kwa sababu ya mtu mwenye kazi. Mkataba ukiisha, viza inakwisha, unapewa muda mfupi wa kufunga vitu, unaondoka. Kaburi halihesabiwi kuwa sababu. Sir alikuwa ameishi Karama miaka mingi kuliko aliyoishi kwao, na alipewa keki na saa ya ukutani.

Aliniita chai ya karak, ile nzito ya maziwa, pale kafeteria ya Wamalabari. Tukakaa nje kwenye viti vya plastiki. Alikunywa nusu ya glasi kabla ya kusema.

"Sista, unawakumbuka kondoo?"

"Nawakumbuka."

"Ile taa inakula betri ndogo mbili, za rimoti. Zinakaa mwezi na zaidi kidogo. Kiangazi zinaisha mapema."

Nilielewa. Nikamwambia, "Mimi Mwislamu, Sir. Na pale sijui nisome nini."

"Usisome kitu. Mchungaji hakutakiwa kusoma. Alitakiwa kuleta samli."

"Nami pia nitaondoka siku moja. Nina kafeel anayeshika viza yangu, kama wewe."

"Najua." Akaigeuza glasi kwenye meza. "Ndiyo maana sikukuuliza kama utakaa. Nakuuliza kama utampata mwingine."

Nikasema ndiyo. Sikutaka kusema inshallah kwa sauti ile ya mwenye nyumba wao, kwa hiyo nikasema ndiyo tu. Akamaliza chai, akaniuliza kama Khan ameshabadilisha tairi la nyuma. Siku yake ya mwisho alishuka kwenye basi kama kawaida na kuniambia nimkumbushe mvulana wa kiti cha tano kazi yake ya nyumbani. Kiti cha kwanza hakikukaliwa kwa muda. Halafu mwalimu mpya wa Kemia akakikalia, hakujua, nasi hatukumwambia.

Nilikwenda Jebel Ali siku zangu za mapumziko. Niseme ukweli, hakuna kilichonitokea pale. Kuna upepo, kuna mchanga, kuna kelele za malori mbali. Nilifungua chupa, nikapangusa vumbi, nikabadilisha betri, nikaangalia kama inawaka, ingawa juani mwanga wake hauonekani mpaka uizibe kwa mkono. Nikapiga picha, nikamtumia Sir kwa WhatsApp. Alijibu neno moja: imefika. Kiangazi cha kwanza plastiki ilipinda kwa joto kama tambi. Nikanunua nyingine. Kiangazi kilichofuata tena.

Alirudi Januari moja kwa viza ya matembezi, siku chache tu, kwa mwanafunzi wake wa zamani anayekaa Jumeirah Village Circle. Tulikutana mlangoni mwa kituo cha metro. Alikuwa amepungua, kola imekuwa kubwa kuliko shingo, na alikuwa amevaa saa. Mimi nilikuja na Prossy, Mganda aliyekuwa msaidizi kwenye basi la pili na kulala kitanda cha juu yangu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Nilikuwa nimemwambia Prossy habari zote, naye alikuwa amekubali, lakini Sir alikuwa hajui.

Kwenye teksi hatukuongea sana. Sir aliuliza habari za Khan, nikamwambia amerudi Peshawar, amefungua duka la tairi. "Anafikiria chakula bado?" Nikasema nadhani.

Pale kaburini alisimama mikono nyuma. Mimi niliinama, nikapangusa chupa, nikaiziba taa kwa kiganja ili aone inawaka. Akainama naye.

"Hii ndiyo niliyoiacha?"

"Hapana, Sir. Ile ilikufa kiangazi cha kwanza. Hii ni nyingine, na kabla yake kulikuwa na nyingine."

Akaiangalia. "Vizuri," akasema. "Basi ndiyo yenyewe."

Nikaona ndio wakati. Nikamweleza mkataba wangu, na mwezi wa sita, na kwamba huyu Prossy ndiye atakayeshika. Uso wake haukubadilika. Alimtazama Prossy kama alivyokuwa akiwatazama watoto wapya siku ya kwanza ya muhula.

Prossy si mtu wa kuogopa watu. Mimi kwa miaka yote ile sikuwahi kumuuliza Sir kitu kuhusu mkewe, nikidhani namhifadhi. Prossy alinong'ona kwanza kwangu, "Dada, mimi siwezi kuchunga taa ya mtu simjui." Kisha akamgeukia.

"Sir, huyu mama alikuwa nani?"

Nilitaka kumvuta mkono. Upepo ulikuwa ukipiga kola ile kubwa ya Sir. Nilidhani ataangalia saa na kusema twende.

Akaweka miguu sawa. Akanyoosha mgongo, kama alivyokuwa akifanya mkanda ukimvuta tumbo, na akaanza kwa sauti ileile moja isiyopanda wala kushuka, ila safari hii ilikuwa ni lugha tunayoielewa.

"Aliyevuka bahari kwa ndege, ameshika mfuko wa kutapikia wa mumewe. Aliyeiteka ghorofa ya nne Karama asiiachie. Aliyewafukuza njiwa, wakarudi, akawafukuza. Aliyemkalia mwenye nyumba mlangoni mpaka lifti ikapanda. Aliyewanyamazisha wauza samaki wa Deira. Aliyesema mfalme wa Ganga alikuwa mchoyo, na hakuna mwanahistoria aliyemjibu. Aliyepika makopo mawili palipoombwa moja."

Akavuta pumzi. Kisha akataja jina lake lote, la kwao na la ubatizo. Lilikuwa refu. Nilikuwa sijawahi kulisikia kutoka kwake.

Prossy alikuwa ameacha kutafuna chingamu. Mimi niliangalia chupa, kwa sababu nilikuwa nimeishika bado na sikujua niiweke wapi.

Sir akapangusa midomo kwa kitambaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni.

"Sasa," akamwambia Prossy, "habari za betri."